Tumeonja, Hatujala

Tulimzika Mama Kahindo mwezi uliopita, hapa Butembo, na kama ilivyo desturi watu walitoka makaburini wakarudi nyumbani kula. Jiko nilipewa mimi. Ukishakuwa na mgahawa, kila msiba wa mtaa ni wako: wenzako wanakaa chini ya turubai wakiimba nyimbo za kanisa, wewe uko nyuma ya nyumba na moshi, unasonga bugali mpaka mabega yanalia. Silalamiki. Mama Kahindo ningemsongea hata sufuria za kijiji kizima. Watu walipokuwa wameshakula, wengine wameanza kuaga, mlango wa jiko ukasukumwa, akaingia Kahindo mwenyewe, binti wa marehemu, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunagombea dawati la dirishani. Alikuwa amefika kutoka Kampala juzi yake, kwa njia ya Kasindi, barabara ambayo siku hizi hupiti bila kuuliza kwanza habari zake. Alisimama mbele ya nyungu akaniuliza swali la maneno mawili. Nitalifikia swali hilo. Lakini mtu asiyejua mwaka ule tulipokwenda kumtembelea, mimi na mama yake, atalisikia kama swali la kawaida, na halikuwa la kawaida hata kidogo.

Mwaka ule nilikuwa nimepata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, na sikuwa na la kufanya nayo. Habari za kwetu, nani alimzaa nani, naziacha, hazina chumvi hapa. Nilikuwa msichana mrefu, mwenye maswali mengi na kazi kidogo, niliyeshinda kwa Mama Kahindo nikimsaidia kuchambua maharage aliyoyaleta kutoka Kayna. Kahindo alikuwa ameondoka kwenda Kampala kushona kwenye duka la vitenge la mama mmoja wa Kirumba. Kisha ikaja simu: amepata mchumba, Muganda, anaitwa Fred, ni fundi wa redio na televisheni, anataka kumwoa. Majirani waliokuwepo walianza maswali yote pamoja. Anasali wapi? Ana nyumba? Anakunywa? Mama Kahindo hakuuliza hata moja. Alifunga gunia, akakaa juu yake, akasema: "Mi minataka kujua kitu moja tu. Mutoto yangu anashibaka kule?"

Inabidi nieleze, maana hata ndani ya Kongo wako wanaotucheka. Kwetu Wanande kula ni kula bugali ya muhogo, obundu. Vingine vyote ni kuonja. Unaweza kumaliza sahani ya wali na nyama, ukafuatisha viazi, ukapitisha na mahindi ya kuchoma, na ukikutana na mtu njiani akakuuliza kama umekula, ukamjibu kwa moyo mweupe kabisa, "Siyakula bado." Wala si uongo. Tumbo linaweza kuwa limejaa na mwenyewe hajala. Nilikua nikidhani dunia nzima iko hivyo. Kwa hiyo Mama Kahindo aliposema anataka kwenda Uganda kuona kama binti yake anashiba, sikuona ajabu yoyote, na aliponitaka nimsindikize nilikubali kabla hajamaliza.

"Weye uko rafiki yake, donc utaenda na miye," alisema. "Hapana kuangalia bwana. Babwana boko sawa bote. Tunaenda kuangalia tumbo."

"Na tukikuta hashibi?"

"Tunarudia naye."

Hakuwa anatania. Alikuwa mjane, na Kahindo ndiye mtoto wake pekee. Nilijua kwamba akirudi bila Kahindo, nyumba ile yenye viti vingi vilivyofunikwa vitambaa itabaki na mtu mmoja wa kuvikalia. Na mimi, niseme ukweli, nilitaka rafiki yangu arudi. Nilienda na njaa mbili: ya kumwona na ya kuonja kila kitu cha ng'ambo.

Mama Kahindo alibeba mfuko wa unga wa muhogo mzito kuliko nguo zetu zote. Kule mpakani mtu wa upande wa Uganda aliufungua, akachovya kidole, akanusa, akauliza unga huu unaenda kufanya nini. "Kuko mutoto yangu kule," alijibu Mama Kahindo, "na nasikia huku kwenu hakuna chakula." Yule mtu alitazama milima ya migomba nyuma yake, akamtazama mama, akacheka, akaturuhusu kupita. Ndani ya basi mimi nilifungua dirisha kila tuliposimama. Nilionja gonja, zile ndizi ndefu zinazochomwa mpaka zinakuwa tamu kama zimetiwa sukari. Nilionja nyama ya kijiti. Nilionja chapati iliyoviringishwa na mayai na nyanya ndani, ya moto, mafuta yakinitiririkia kwenye kiwiko, na nikashangaa kwamba nimeishi miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia. Mama Kahindo alikataa vyote. Alikaa wima na mfuko wake mapajani. "Kuonja-onja mu njia kunaharibisha tumbo," alisema, na mate nilimwona akiyameza.

Chumba cha Kahindo kilikuwa nyuma ya duka, kitanda kimoja, cherehani, jiko la makaa mlangoni, na pazia alilolishona kwa vipande vya vitenge vya wateja. Alitukumbatia akalia. Mama yake naye alilia, lakini mkono wake ulikuwa kazini: ulikuwa umeshika mkono wa Kahindo juu ya kiwiko na kuupima. "Mukono hii ni ya nani?" aliuliza. Kahindo alicheka akasema ni joto tu, na kutembea. Akatupikia wali na maharage, akaomba radhi kwamba unga wa muhogo wa huku hauko kama wa nyumbani. Kisha akatuketisha kitandani kama mwalimu. Jumapili tutaenda kwa mama yake Fred, anaitwa Nalongo, ndivyo Waganda wanavyomwita mama wa mapacha. Nalongo hajakataa na hajakubali. Tangu aliposikia mchumba ni Mkongomani jibu lake limekuwa moja: tutaona.

"Sasa Mama, ukimaliza kula, unasema: webale kufumba. Ni kusema aksanti kwa kupika. Na yeye atakujibu: webale kulya, aksanti kwa kula."

"Webale kufumba," alisema Mama Kahindo vizuri kabisa. "Kwa kweli bako na heshima. Kwetu nani anashukuruka mutu juu ya kukula?"

Jumapili ilipofika tulikwenda, nje kidogo ya mji kwenye njia ya Masaka, nyumba ya matofali ndani ya migomba. Nalongo alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, na alitutandikia mkeka. Kahindo alipiga magoti kumsalimu. Nilihisi Mama Kahindo akishtuka pembeni yangu. "Anapigia batu magoti ao anaomba Mungu?" aliniuliza sikioni. Nikamwambia ndiyo desturi, Kahindo alishatueleza. Lakini shingo yake ilikuwa imeanza kukaza.

Mimi sikuweza kukaa mkekani. Harufu ya jikoni ilikuwa inaniita kwa jina. Nilijifanya naenda kusaidia, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo, nikifunga macho, ninaweza kukirudia hatua kwa hatua. Ndizi mbichi zilizomenywa bila kubaki hata uzi wa ganda, zimefungwa ndani ya majani ya mgomba kama mtoto mchanga. Chini ndani ya nyungu vipande vya bua ili maji yasizifikie, kwa sababu hazichemshwi, zinaiva kwa mvuke. Zikishaiva Nalongo alizikanda zikiwa bado ndani ya majani, kwa viganja vyake, juu ya mvuke ule, bila hata kukunja uso, kisha akazirudisha motoni zipumzike. Kando yake kuku mzima ndani ya jani lililopitishwa juu ya moshi, na mchuzi wa karanga. Nilimuuliza kwa ishara kwa nini anazikanda halafu anazirudisha. Alinitazama kwa muda, nadhani hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza, kisha akachukua kipande kimoja kilichokandwa mara ya kwanza, akanipa. Baadaye akanipa kingine kilichopumzika. Nikaelewa kwa ulimi. Mgahawa wangu, ukitaka kujua, ulianzia pale, ingawa sikuwa nimejua bado.

Chakula kililetwa kwenye majani, cha njano, chenye moshi, kingi. Tulikula kwa mikono. Mama Kahindo alikula vizuri, sitamsingizia. Alirudia kuku. Fred, kijana mpole mwenye masikio makubwa, alikuwa anamsogezea kila kitu. Hata Nalongo alianza kulegea uso. Kisha Mama Kahindo akanawa, akapangusa mikono yake, akamgeukia mwenye nyumba kwa tabasamu lake zuri la kanisani, akasema: "Webale kufumba." Nalongo akafurahi, akajibu, "Webale kulya." Ingeishia pale tungekuwa salama. Lakini Mama Kahindo alikuwa mtu wa adabu, na adabu yetu haina haraka. Alisogeza miguu yake akakaa vizuri, mtu anayejiandaa kwa jambo kubwa, akamwambia Kahindo kwa sauti ambayo mkeka mzima uliisikia: "Mwambie tulionja muzuri sana. Sasa chakula inakuya saa ngapi?"

Mimi mwenyewe nilikuwa ninangojea. Nilikuwa nimeacha nafasi.

Kahindo aligeuka rangi. Akatabasamu akamwambia Nalongo kitu kwa Kiganda, na nilisikia webale, webale, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nalongo hakumtazama Kahindo. Alikuwa anamtazama mama. Miaka yake ya kuuza sokoni ilikuwa imemwachia Kiswahili cha vipande vipande, na kipande kilichohitajika siku ile alikuwa nacho. "Huyu nasema onja," alisema polepole. "Mimi najua onja." Akainuka, akakusanya majani yaliyobaki, akaingia jikoni, na hakutoka mpaka tulipoaga. Fred alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamewaka.

Njiani Kahindo alilipuka. "Mama, unaniharibishia! Ulimutukana mutu mu nyumba yake!"

"Nilimutukana wapi?" Mama Kahindo alikuwa ameshangaa kweli. "Nilisema aksanti mu luga yake. Nilisema ilikuwa muzuri."

"Kwao ile njo chakula! Ndizi njo chakula! Ulimwambia hakutupa kitu."

Mama Kahindo alisimama katikati ya njia. Niliona anaigeuza habari ile kichwani, na ilikuwa ngumu kugeuka. Watu wazima, wenye nyumba ya matofali, wanakula ndizi na kusema wamekula? Kisha akauliza lile swali lililomtoa Butembo. "Na weye, Kahindo. Ukikulaka vile. Unashibaka?"

Kahindo angeweza kudanganya. Alimtazama mama yake, akatazama chini. "Bado, Mama. Lakini nitazoea."

"Basi funga bitu yako. Kesho tunarudia."

"Mi hapana rudia."

Chumbani wakapeana migongo, mmoja kitandani, mmoja kwenye kiti cha cherehani, na mimi katikati nikiwa nimeshika mfuko wa unga kwa kukosa pengine pa kushika. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, rafiki yangu anarudishwa nyumbani, na sikufurahi. Nilikuwa nimeona jinsi Fred alivyokuwa anasogeza chakula.

Asubuhi tulipokuwa tunafunga mizigo, Fred alibisha hodi. Mama yake anatuita tena. Amepika. Mama Kahindo alitaka kukataa, lakini kukataa kuitwa kula ni kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Tukaenda. Mkekani kulikuwa na sinia moja, na juu yake mlima mweupe wa ugali wa mahindi, posho wanavyouita, na maharage. Kahindo aliziba mdomo. Alitueleza kwa sauti ndogo: posho ni chakula cha wanafunzi na wafungwa, hakuna anayempikia mgeni, mke mtarajiwa angempikia mkwe posho watu wangeongea mwaka mzima. Nalongo alikuwa amewauliza majirani ni nini Wakongomani wanakula, na wakamwambia ni posho. Alikuwa amefedheheshwa nyumbani kwake, akaamka, akajishusha mpaka kwenye chakula cha shule ili mgeni wake aweze kusema amekula.

Mama Kahindo aliyasikiliza maelezo yale mpaka mwisho. Posho haikuwa bugali. Ilikuwa ya mahindi, kavu, kwake ilikuwa kitu cha kulisha kuku. Alinawa, akakaa, akala yote iliyokuwa upande wake, tonge kwa tonge. Alipomaliza alisema, "Webale kufumba. Nilikula." Halafu akanyoosha mkono nikampa mfuko. Akamwambia Kahindo amwombee ruhusa ya kuingia jikoni.

Wale wanawake wawili hawakuwa na lugha, lakini jikoni hawakuihitaji sana. Nalongo alichuchumaa akatazama maji yakichemka, unga ukimiminwa, mwiko ukizunguka na mama akipumua kwa nguvu. Alishika unga akaunusa. Alicheka bugali ilipoanza kuvutika. Mama Kahindo alimtengea tonge, akamwonyesha: unaviringisha, unachovya, unameza, hutafuni. Nalongo alitafuna. Bugali ikamshika meno, ikamshika kaakaa, akawa anahangaika na taya kama ng'ombe, mpaka Fred akageukia ukutani kucheka. Hatimaye ikashuka. Alikunywa maji. Akala tonge la pili, hilo alimeza, na la tatu. Kisha akanawa, akakaa vizuri, akasogeza miguu vilevile alivyoona inasogezwa jana, na kwa Kiswahili chake cha sokoni akasema: "Webale kufumba. Mimi naonja. Sasa, chakula iko wapi?"

Mama Kahindo alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Nilimjua miaka mingi kabla na baada, sikumsikia tena akicheka vile. Walishikana mikono wakicheka, na Kahindo alikaa chini mlangoni akalia, kwa sababu alikuwa ameshaelewa kwamba ameruhusiwa na pande zote mbili.

Tulirudi bila yeye. Mfuko wa unga ulibaki. Ndani ya basi sikufungua dirisha. Milima yetu ilipoanza kuonekana, Mama Kahindo alinigeukia. "Yule mama ni muzuri," alisema mwishowe. "Anajua bado kushiba ni kitu gani. Atamungojea mutoto yangu." Kisha akageuza uso. "Kahindo atazoea, Kavira. Siku moja atashiba kule. Mi njo ile minaogopa." Niliumia kumsikia, bila kumwelewa. Nilikuwa mdogo, nilidhani woga wote ni wa njaa.

Tangu mwaka ule hakuna mfanyabiashara wa mtaa wetu aliyekwenda Kampala bila mfuko wa unga wa Mama Kahindo. Aliuanika mwenyewe, akautwanga, akauchekecha. Nilipofungua mgahawa wangu nikaanza kupika ndizi za mvuke siku za Jumamosi, yeye alikuja, akaonja, akasema bado sizikandi kama Nalongo, akaniagiza bugali yake. Miaka ikapita hivyo. Siku moja alikuwa amekaa mgahawani kwangu, Kahindo akapiga simu. Nilimsikia akiuliza anachouliza kila mara: umekula? Umekula nini? Akasikiliza, akawasalimu wajukuu, akaaga. Alikaa na simu mkononi.

"Alisema nini?" nilimuuliza.

"Alikula ndizi na mafuta ya karanga." Aliweka simu mezani polepole. "Alisema, 'Nilikula, Mama.' Hakusema nilionja." Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, akaniuliza nani anasafiri wiki ile, kwa sababu unga ulikuwa tayari.

Basi, jiko la matanga. Kahindo amekaa na wageni, amekula bugali na sombe ya majani ya muhogo, shangazi zake wamemuuliza kama ameshiba na amewajibu ameshiba. Kisha amekuja nyuma kwangu, akasukuma mlango, akasimama mbele ya nyungu ambayo bado ilikuwa na bugali ya moto ya kutosha watu, na mdomo wake ukasema kabla hajaufikiria: "Kavira, chakula iko?"

Tulitazamana. Alisikia alichokisema, akaweka mkono mdomoni kama siku ile ya posho, na machozi ambayo hakuyatoa kaburini yakatoka. Nilimkalisha kwenye kigoda. Nilikuwa na ndizi mbichi kwenye kikapu, nilikuwa nimezinunua asubuhi bila kujiuliza kwa nini. Nikachukua kisu nikaanza kumenya.

"Mama hakujua," alisema. "Aksanti Mungu, Mama hakujua."

"Alikuwa anajua," nikamwambia, na nikamsimulia ile simu, neno kwa neno.

Nje walikuwa wameanza wimbo mwingine. "Lakini bunga," alisema. "Mpaka mwezi uliopita bunga yake ilikuwa inafika. Kama alijua, juu ya nini alikuwa anatuma bunga?"

"Ya kuonja," nikamwambia.

Kahindo aliinuka. Alimega tonge kutoka pembeni mwa nyungu, akaliviringisha, akalimeza bila kutafuna. Kisha akavuta kigoda karibu, akachukua kisu kingine, tukamenya ndizi pamoja.